Alipika Nani?

Filamu za zamani za Waingereza zina tabia moja ninayoipenda: hazina haraka ya kuonyesha damu. Mtu ameshakufa kabla hujakaa vizuri kitini. Kinachobaki ni watu wachache ndani ya nyumba moja, chai, mapazia mazito na mashaka. The Late Edwina Black ya mwaka 1951 ni ya aina hiyo. Iliongozwa na Maurice Elvey, mzee wa kazi aliyeanza kutengeneza filamu tangu zama za filamu zisizo na sauti, na ilitokana na tamthilia ya William Dinner na William Morum. Niseme ukweli, si filamu kubwa. David Farrar na Geraldine Fitzgerald ndio wanaoibeba, na bado mara kwa mara unahisi unatazama jukwaa lililowekewa kamera mbele. Ila kuna jambo moja inalifanya vizuri kuliko filamu nyingi zenye jina, na kwa ajili ya jambo hilo nimekaa nayo kichwani wiki kadhaa hapa Singida, mahali ambapo mtayarishaji wake hakuwahi kupafikiria.

Kisa chenyewe ni chepesi. Tuko Uingereza ya enzi za Malkia Victoria. Edwina, mgonjwa wa siku nyingi, amefariki. Mumewe Gregory ni mwalimu. Nyumbani yupo Elizabeth, mwanamke aliyewekwa pale kukaa na mgonjwa, na yupo Ellen, mtumishi wa nyumba. Mume na Elizabeth wanapendana kwa siri. Kifo kinaonekana ni kile kilichokuwa kikisubiriwa, watu wanavaa nyeusi, maisha yanataka kuendelea. Halafu inspekta wa polisi anapiga hodi. Mwili unapimwa, inakutwa aseniki.

Mwisho wake siusemi, mtautafuta wenyewe. Ninachokitaka mimi ni katikati. Wapenzi wawili wanabaki chumbani, na hakuna anayewaambia washukiane. Wanafika huko wenyewe kwa hesabu fupi mno. Ndani ya nyumba tulikuwa wachache. Mmoja wetu ametia sumu. Mimi najijua. Basi ni wewe. Hebu itazame hesabu hiyo tena, maana ndiyo inayonisumbua: kadiri mtu anavyokuwa na uhakika wa usafi wake, ndivyo anavyozidi kumshuku aliyelala karibu naye. Siku zote nilidhani mashaka ni ugonjwa wa watu wabaya, wa wenye wivu na wenye roho ya kwa nini. Filamu hii inasema hapana, mtu mwema anaweza kushuku vibaya zaidi kwa sababu ya wema wake mwenyewe.

Sasa tazama wanaoshukiwa ni kina nani. Mume. Mwanamke aliyemuuguza. Mtumishi aliyeingia na kutoka na sinia. Yaani watu ambao mikono yao ilimgusa marehemu alipokuwa hai. Jirani aliyekuwa hampendi Edwina, asiyewahi kumletea hata uji, hayumo kwenye orodha kabisa. Angeingiaje? Hakuwahi kushika kikombe chake. Sumu, kwa namna ilivyo, inamtuhumu anayehudumia. Aliyejitenga na mgonjwa yuko salama.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye msiba katika kijiji kimoja huku kwetu ambacho sitakitaja. Marehemu alikuwa mwanamume wa makamo. Aliugua tumbo siku mbili, ya tatu akaondoka, akazikwa kesho yake. Siku ya kuanua matanga wakubwa wa ukoo wakakaa pembeni chini ya mti, mjane akaitwa. Akaja, akakaa kwenye mkeka, khanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Kaka mkubwa wa marehemu akamuuliza, tena kwa sauti ya upole kabisa:

“Shemeji, usiku ule kabla hajaanza kuugua, marehemu alikula nini?”

“Tulichokula wote, shemeji. Ugali na mlenda.”

“Alipika nani?”

“Mimi.”

Kimya. Mzee mmoja akakohoa. Wifi yake akageuza uso akatazama mbuzi waliokuwa kule kwenye boma. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye madeni ya marehemu na shamba la alizeti, kana kwamba lile la kwanza lilikuwa salamu tu.

Hakuna aliyemtuhumu. Ukimfuata yule kaka mkubwa leo atakuapia kwamba aliuliza tu, na kuuliza si dhambi. Lakini jamani, katika kijiji kile, au katika kata nzima, ni nyumba gani ambayo swali la “alipika nani” lingepata jibu jingine? Kuanzia Iramba mpaka Manyoni, mpishi wa nyumbani ni mke. Lilikuwa swali lenye jibu moja tangu kabla ya kuulizwa, na jibu lenyewe lilikuwa ushahidi. Mwaka haukuisha, mama yule alirudi kwa ndugu zake, kwa maneno ya watu na si kwa hukumu ya mtu. Shamba likabaki upande wa mume. Sisemi kwamba shamba ndilo lililouliza swali. Nasema tu kwamba lilifaidika na jibu.

Msije mkadhani haya ni yetu peke yetu, ya vijijini, ya watu wasiosoma. Mwaka 1889 mjini Liverpool alikufa mfanyabiashara wa pamba aitwaye James Maybrick. Mkewe Florence, Mmarekani, alikuwa kijana kuliko yeye kwa miaka mingi. Waliomshuku kwanza walikuwa watumishi wa nyumba na ndugu za mume; ukibadilisha majina na hali ya hewa, ni kikao kile kile cha chini ya mti. Ilionekana Florence alikuwa ameloweka karatasi za kuulia nzi, ambazo zilikuwa na aseniki. Mwenyewe alisema ni kwa ajili ya dawa ya kulainisha uso, jambo ambalo wanawake wa wakati ule walilifanya. Ilijulikana pia kwamba James mwenyewe alikuwa na mazoea ya kumeza aseniki kama dawa ya kumpa nguvu. Mahakamani jaji alitumia muda mwingi kuzungumzia kwamba Florence alikuwa na mwanamume wa nje. Kwamba mumewe naye alikuwa na mwanamke wa nje, na watoto juu yake, halikuonekana kuwa na uzito ule. Akahukumiwa kunyongwa, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akatoka mwaka 1904. Alikufa mwaka 1941 huko Marekani, na mpaka leo watu wanabishana kama alifanya au hakufanya.

Nikifika hapa, marafiki zangu wanaopenda methali hunikatisha: “Kikulacho ki nguoni mwako.” Sawa. Ni methali ya kweli, chawa hakai kwenye nguo ya jirani. Ila angalia inavyotumika. Mara nyingi inasemwa baada ya mtu kuanguka, kumweleza kilichompata. Msibani inasemwa kabla, kama taa ya kumulika watu wa nyumbani mmoja mmoja. Na haiko peke yake, ina mwenzake: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ya pili siipendi, sitaficha. Inampa mwenye uvumi ushindi wa pande zote mbili. Kama kuna kitu, alisema kweli. Kama hakuna, subiri. Ukiingia kwenye kikao cha ukoo ukakuta methali hizo mbili zimeshakaa mkutano, utetezi wako utaupitishia wapi?

Mpaka hapa ningeweza kutangaza kwamba kumshuku ndugu ni uovu na kumaliza makala. Ingekuwa rahisi, na wengi mngekubali. Historia ya Singida yenyewe inanikatalia.

Kati ya mwaka 1946 na 1948, katika wilaya ya Singida, hasa kwa Wanyaturu, watu walikuwa wanauawa na miili yao inakutwa na majeraha ya makucha. Simba walikuwepo kweli nchi ile, hilo halina ubishi. Mtu anakwenda shambani au anatoka njiani jioni, harudi, anakutwa ameraruliwa. Sababu ya kifo: simba. Unaandika, unafunga. Ndugu wanalia, wanazika, wanaambiana wasitembee usiku. Kisha ikaanza kuonekana kwamba simba wengine wa Singida walikuwa watu. Polisi wa serikali ya kikoloni wakaingia, wakakamata, kesi zikasikilizwa, na baadhi ya waliopatikana na hatia wakanyongwa. Simulizi iliyoenea ilisema kulikuwa na vijana waliofichwa, wakavishwa ngozi za simba na kutumwa kuua, na kwamba mwenye kinyongo na mtu aliweza kwenda kwa mwenye “simba” akalipa. Afisa mmoja wa kikoloni, A. W. Wyatt, aliandika juu ya watu-simba hao katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyekaa na Wanyaturu na kuandika kitabu kizima juu ya uchumi wao, alirudi kwenye habari hiyo hiyo katika jarida hilo hilo mwaka 1962, na kichwa chenyewe cha makala yake kilidai jambo lile litazamwe upya. Miaka ishirini baadaye aliligusa tena, safari hii akilifungamanisha na ugomvi wa wanaume na wanawake. Msomi mmoja, jambo moja, mara mbili. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba hata baada ya watu kunyongwa, maelezo hayakuwa yamekaa sawa.

Mimi siwezi kuwatatulia kitendawili hicho. Lakini fikiria jambo hili moja. Kila mara kifo kilipoandikwa “simba”, watu wote wa nyumbani kwa marehemu walipumua. Hakuna aliyeitwa kwenye mkeka. Hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi. Nyumba ilibaki na amani, na ndani ya amani hiyo muuaji, kama alikuwepo, alikunywa pombe ya msiba pamoja na wafiwa. Kukataa kushuku kulikuwa zawadi, na aliyeipokea zawadi hiyo ni yule aliyekodi makucha. Aliyelipia ni mtu wa pili kuuawa, na wa tatu. Kwa hiyo anayesema “sisi ni ndugu, hatushukiani” asijione amekwisha kuwa mwema. Inategemea nani atakufa baada ya hapo.

Sasa linganisha na Njombe, miaka hiyo hiyo ya 1940. Kule simba walikuwa simba kweli, wala watu, na afisa wa wanyamapori George Rushby aliwawinda na kuwaua. Lakini wengi wa watu wa kule waliamini kwamba simba wale wanatumwa na mtu. Singida mtu alidhaniwa simba. Njombe simba alidhaniwa mtu. Nchi moja, serikali moja, miaka ile ile. Na Nigeria ya kusini mashariki, kati ya 1945 na 1948, kulikuwa na habari karibu pacha, ya watu-chui, ambayo nayo iliwapeleka wengi kwenye kitanzi. Mtu akiniambia kwamba busara ni kuamini tunachokiona kwenye mwili wa marehemu, namuuliza: ungekuwa hakimu wa kuchunguza kifo, una jeraha la makucha mezani, Singida au Njombe, ungeandika nini?

Basi swali la kama tuna haki ya kushuku limenishinda kulijibu lilivyo, kwa sababu nadhani limeulizwa vibaya. Mashaka yanakuja yenyewe, kama kikohozi. Gregory na Elizabeth hawakuyaalika. Kinachoweza kuhukumiwa ni tunayafanyia nini yakishafika. Na hapo nina kipimo kimoja, si changu peke yangu lakini nimekifikia kwa njia yangu: je, kuna kitu chochote ambacho mshukiwa anaweza kusema au kuonyesha kikamsafisha? Kama kipo, mashaka yako ni swali. Kama hakipo, umeshamaliza kuhukumu na unachofanya sasa ni maigizo.

Ndiyo maana naiheshimu kemia kuliko inavyoheshimiwa na watu wa fasihi. Kabla ya mwaka 1836 aseniki ilikuwa rafiki wa warithi. Ulaya waliipa jina la utani, unga wa urithi. Haina rangi ya kutisha, haina ladha ya kukushtua, na dalili zake ni kutapika na kuharisha kama za kipindupindu au tumbo la kawaida. Mwaka huo mkemia wa Kiingereza James Marsh akachapisha njia ya kuipima, ya kuiona hata ikiwa kidogo sana mwilini. Wengi tunakumbuka kwamba kipimo cha Marsh kiliwapeleka watu kunyongwa. Tunasahau nusu ya pili. Kabla ya Marsh, mpishi aliyeshukiwa hakuwa na njia ya kusema “pimeni, mtaona hakuna”. Alikuwa na machozi tu, na machozi kila mtu anayo. Kipimo kinachoweza kukunyonga ndicho hicho hicho kinachoweza kukurudisha nyumbani, na kisichoweza kukurudisha nyumbani hakistahili kukunyonga.

Ukiweka uchawi kwenye kipimo hicho, unaanguka papo hapo. Sizungumzii kama uchawi upo au haupo. Nchi yetu ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928 na bado imo vitabuni, kwa hiyo mjadala huo una wenyewe. Nazungumzia mtu anayetajwa. Bibi anaambiwa amemla mjukuu wake. Atajiteteaje? Akilia, ni kwa sababu amegundulika. Asipolia, ana roho ngumu. Akiwa alikuwa mbali usiku ule, wachawi hawana umbali. Akikataa, wanakataa wote. Usukumani hasa, lakini si huko tu, vikongwe wameuawa kwa miongo mingi kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Na macho yale yalitoka wapi? Moshi. Miaka hamsini ya kuinama jikoni, kuni mbichi na samadi ya ng'ombe iliyokauka, kuwapikia watu. Nikifika hapo narudi kwa yule mama wa kwenye mkeka na kwa Elizabeth na sinia lake. Mkono uliolisha ndio unaotafutwa. Wa kwanza alishukiwa kwa chungu, wa pili kwa kikombe, huyu wa tatu kwa alama ambayo kupika kwenyewe kulimwachia usoni.

Kuna anayenipinga hapa, na pingamizi lake ni zito kuliko la wapenda methali. Anasema: wewe unaongea kama mahakama, familia siyo mahakama. Ukimwomba mkeo ushahidi kwamba hakukutilia sumu, hata akiuleta, ndoa imekwisha. Kuuliza kwenyewe ndilo jeraha. Nakubali. Filamu ya Elvey inalijua hilo, na ndiyo sehemu yake nzuri kuliko zote. Wapenzi wale wanapoanza kuulizana ulikuwa wapi, ulishika nini, sauti zinabaki za adabu ya Kiingereza lakini unaona kitu kinatoka chumbani na hakirudi. Anayependa hataki kutolewa ushahidi, anataka kuaminiwa bila huo ushahidi, la sivyo kuna tofauti gani kati ya mume na inspekta? Surat Al-Hujurat inaonya tujiepushe na dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi, na mimi siku zote nimevutwa na neno hilo “baadhi”. Halikusema zote. Limetuachia kazi ya kutenganisha, na kazi yenyewe ni ngumu zaidi pale unapokula sahani moja na mtu.

Lakini ndiyo sababu hasa inspekta anafaa kuwepo. Watu humwona kwenye filamu hizi kama mgeni anayeleta balaa, anaingia na kofia yake na nyumba inasambaratika. Mimi namwona tofauti. Mashaka yanahitaji pa kwenda palipo nje ya kitanda na nje ya chungu. Mtu asiye ndugu, asiyerithi shamba, anayeweza kuuliza “alipika nani” kisha akauliza na “nani mwingine aliingia humu”, “alikuwa anameza dawa gani”, “shamba lina hati ya nani”. Maswali ya kaka mkubwa yalikoma kwenye jibu la pili. Ya mchunguzi anayejua kazi yake yangeanzia hapo.

Nasi tunao utaratibu huo, angalau kwenye karatasi. Tuna sheria ya uchunguzi wa vifo ya mwaka 1980. Tuna polisi, tuna daktari wa kupasua, tuna Mkemia Mkuu wa Serikali anayepokea sampuli. Najua umbali, najua foleni, najua gari la kupeleka mwili lilivyo ghali kwa mtu wa kijijini, na najua askari wengine huja wakiwa na njaa yao. Sitawalaumu maskini kwa kukosa nauli. Ninaowalaumu ni wale walio na uwezo ambao nimewasikia kwa masikio yangu, tena zaidi ya mara moja: “Hatutaki mwili wa ndugu yetu ukatwekatwe. Tumzike kwa heshima.” Maneno mazuri, na mwenye imani ya dini ana haki ya kuyasema. Shida yangu ni kwamba baada ya kuyasema hawaachi mashaka kaburini pamoja na marehemu. Wanarudi nayo nyumbani. Wamekataa kitu pekee ambacho kingeweza kumsafisha mjane, kisha wanaendelea kumtazama mjane. Ukikataa kipimo, nadhani umejinyima pia haki ya kunong'ona. Chagua moja. Wengi wanataka yote mawili, heshima ya maiti na uhuru wa kumsema aliye hai, na sijaona kiongozi wa dini wala mwenyekiti wa kijiji anayewaambia hapo hapo msibani kwamba hiyo haiwezekani.

Halafu kuna jambo ambalo hata filamu haikulifikia, pengine kwa sababu filamu lazima iishe. Tuseme ukweli umejulikana. Tuseme imethibitika kwamba yule bwana alikufa kwa tumbo, kidole tumbo kilipasuka, chungu hakihusiki. Nani anakwenda kumwambia mama yule? Kwetu kuna kikao cha mahari, kikao cha msiba, kikao cha kugawa mirathi, kikao cha kusuluhisha wanandoa, na watu hutoa mbuzi na faini kwa makosa madogo sana, hata kwa neno baya kilabuni. Yule kaka mkubwa tulikutana tena, kwenye stendi ya mabasi Singida mjini. Nikamuuliza habari za shemeji yake. Akasema hajambo, alisikia anauza kuku sokoni huko aliko. Nikamuuliza kama walishawahi kukaa naye tena kuyazungumza yale ya msiba. Akanishangaa.

“Yapi?” akasema. “Mbona hatukumwambia kitu.”